Viatu Mlangoni kwa Anti Sahra

Jumapili, Novemba 2018. Stechford, mtaani kwetu hapa ughaibuni. Rasharasha tangu alfajiri, na mimi sikutoka kitandani hadi saa sita mchana.

Jana nilichekesha watu.

Chuoni nasoma hadithi za kale za Kichina, zile za watu wa mjini: wauza tambi, washenga, wake wa wafanyabiashara, majirani wenye midomo. Msimulizi wa hadithi hizo haanzi moja kwa moja. Kwanza hutoa kisa kifupi cha kuwachangamsha wasikilizaji, kisha huwageukia na kuwauliza, waungwana, mwamwonaje huyu? Mwalimu alitaka kila mmoja wetu atunge kisa kama hicho kutoka mtaani kwake.

Mimi nikamtoa Anti Sahra.

Ni jirani yetu, Msomali aliyekulia Nairobi. Mama alipokuwa zamu, yeye ndiye aliyenilisha na kunisuka nywele. Kila Ijumaa hung'arisha viatu vyeusi vya mumewe na kuviweka mlangoni, majirani wavione. Husema mzee anaendesha lori nchi za mbali za Ulaya. Mzee yuko Moseley, hapa hapa mjini, na mke mwingine, mwaka wa tisa huu. Najua kwa sababu barua ya talaka nilimsomea mimi, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na akaniomba nisimwambie mtu.

Sikumwambia mtu. Niliandika.

Darasani walicheka hadi machozi. Mwalimu akanichagua nisome jana, kule chuoni Edgbaston, mbele ya wageni. Mama alikuwa kazini, akamtuma Anti Sahra aende badala yake.

Nilimwona nikiwa nimeshaanza. Safu ya pili, buibui jipya, ameinua simu anirekodi ampelekee Mama. Nilipofika kwenye viatu, aliishusha.

Nilikuwa na kisa kingine mkobani. Ningeweza kubadilisha. Lakini watu walikuwa wanacheka, na kile kicheko kilikuwa kitamu jamani, kwa hiyo nikaiga hata sauti yake. Mwisho nikawageukia na kuwauliza wanamwonaje mwanamke huyo. Wakapiga makofi. Naye akapiga.

Tulipokuwa tunatoka alinikumbatia. "Umesoma vizuri, mwanangu. Nitamwambia mamako."

Naona aibu. Na bado, hili ndilo baya zaidi, nikiyakumbuka yale makofi natabasamu.

Leo mchana Mama alitoka kutupa taka, akarudi uso umemchanua.

"Wee, viatu vya mzee havipo mlangoni! Amevaa. Amerudi, ama?"

Nikasema labda.

Sasa nyumba nzima inanukia iliki. Mama anapika pilau ya kumkaribisha mzee, sinia zima, na ameshaniambia nioge nivae vizuri, kwa sababu mimi ndiye nitakayelipeleka.