Mtu Mzima wa Miaka Tisa

Mpendwa Mshauri, salamu nyingi, nakuomba uniokoe kabla ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo lori litampeleka Rabia jela ya wanawake Lindi, na aliyempeleka huko ni mimi kwa kalamu yangu.

Mimi ni karani wa baraza moja upande wa Ruangwa, kwetu ni Tanga, huku nina mwaka wa pili na mila bado zinanichanganya, basi ililetwa kesi ya Rabia wa Nandagala, aliyepanda trekta bovu lililoachwa kilimani tangu kile kilimo kikubwa cha karanga cha serikali kilipokufa, akavuta chuma asichokijua, trekta likateremka naye mpaka katikati ya ufuta wa mzee Mikidadi, na msimamizi wa vyuma hivyo akamshtaki kwa wizi wa trekta. Hakimu akamuuliza, "Ulikuwa unalipeleka wapi?" Rabia akajibu, "Lilikuwa linanipeleka lenyewe," watu wakacheka, hakimu akasema basi amekiri.

Sasa daftari letu lina nafasi ya kuandika kama mshtakiwa ni mtoto au mtu mzima, mtoto hupewa onyo akarudishwa kwao, mtu mzima hufungwa, nikamuuliza mama yake, Biasha, "Huyu ni mtoto?" akaruka kama niliyemtukania ukoo, "Mtoto nani? Huyu kachezwa unyago mwaka huu! Mtu mzima huyu!" wanawake wakapiga vigelegele, nami kwa kuogopa fujo nikaandika Mtu mzima, hakimu akasoma, miezi mitatu.

Mahabusu ya wanawake hatuna, kwa hiyo mfungwa analala kwetu, mimi na mke wangu Mwanaima, askari Kaimu alimtia pingu za mikono zikamvuka, akamtia za mguuni nazo zikamvuka, siku hizi Rabia anazibeba mwenyewe akienda kucheza mdako ili Kaimu asigombezwe. Jana aliniuliza kama huko Lindi ataruhusiwa kulala na mama yake. Nilitoka nje nikalia.

Nimemweleza Biasha, naye analia kuliko mimi, lakini anasema, "Nikimwita mtoto mbele ya watu, makungwi waliomfunda watanambia walimchezea nini?" Hakimu anasema daftari halifutwi, na nikikiri kosa naona nitafukuzwa kazi. Nifanyeje?

Karani mwenye hofu, Ruangwa, 1956

JIBU

Karani, pole, ingawa pole kubwa naiweka kwa Rabia. Wewe mtu uliyesoma, nafasi inataka umri, unaandika heshima! Unyago humfunza binti mambo ya ukubwa, haumwongezei miaka, na Biasha anajua hilo kuliko wewe. Ulimuuliza vibaya. Huko kumwita mtoto binti aliyechezwa ni kumvunjia heshima hadharani, mama gani angekubali? Lakini macho ulikuwa nayo. Mtu anayevukwa na pingu za mguuni, ulitaka nani akuambie ni mdogo?

Na huyo hakimu wenu naye, trekta bovu linaibwaje? Binti angelificha uvunguni?

Sasa sikiliza. Usingoje lori. Nenda leo kwa Biasha pamoja na mkeo, muombe radhi, na neno mtoto lisitoke mdomoni mwako. Muulize alijifungua mwaka gani. Kwa umbo unalonieleza, nadhani atakwambia ni mwaka matrekta ya karanga yalipoingia Nachingwea, na hilo atalisema hata barazani, kifua mbele, na kungwi atamshuhudia. Hesabu mwenyewe, ni miaka tisa. Halafu mpelekeni Rabia zahanati ya Mnero wamtazame meno, wakadirie umri na waandike barua. Daftarini usifute kitu. Chini ya Mtu mzima andika, "Umri wake miaka tisa," utie sahihi yako. Biasha atabaki na mtu mzima wake, na Rabia atalala kwao. Hakimu akikataa, chukua nakala uende nayo kwa Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, siku hiyohiyo, kwani kumtia binti wa umri huo jela na wanawake wazima ni dhuluma, hata ikipigwa muhuri.

Unaogopa kazi yako. Ninakuelewa, ila mwenzio anaogopa kulala bila mama yake, na hakuandika yeye. Baraza likiuliza nani alikosea, usimtazame Biasha wala usiwataje makungwi. Simama useme, "Mimi."