Unga wa Ulezi wa Mama

Kasense, Sumbawanga

Kwako Yusto,

Hapa tu wazima. Baridi imeshaanza, na ng'ombe wa Kalisti amezaa. Hali yako sikuulizi, maana wifi Monika, mkeo, amenisimulia yote.

Ulipoleta mashine yako ya kukamua tope la vyoo, ulitukusanya tuitazame. Ukatia dawa kwenye lile tope, ukawasha umeme, maji yakachuruzika, likabaki bonge kavu la kushikika. Ukalinyanyua kwa mikono mitupu, ukasema, "Hii ni mbolea, wazee wangu, haina neno." Watu wakaziba pua. Mama peke yake ndiye aliyeichukua. Akaifukia kwenye matuta pamoja na majani, kama tufanyavyo Wafipa, akapanda ulezi. Ulezi umestawi ajabu, ila majirani hawagusi ugali wake wala pombe yake. Yeye huwajibu, "Mwanangu mhandisi anaula."

Kumbe ule unga aliokutumia ulimwambia mkeo aumwage, tena nje ya geti, watoto wasiuguse!

Kila siku Mama huniuliza kama uliupenda. Nimemwambia uliupenda mno na unataka mwingine. Usinishukuru. Ameshasaga gunia zima.

Nakuja nao kwa basi la Jumatatu, na Mama nakuja naye. Atausonga kwa mkono wake, akuwekee mbele ya wanao. Mimi nitakaa nikutazame unavyomeza.

Uwe na njaa.

Dada yako,
Luciana