Kinanda Kinachokaa Ndani ya Simu

Jumapili, jioni. Tangini, Kibaha.

Mawingu yametanda tangu tulipotoka Kisarawe lakini mvua yenyewe haishuki. Joto la kunata. Nimeoga, nikaoga tena, na bado natoka jasho, na sidhani kama kosa ni la hali ya hewa.

Leo nimeogopa. Naandika hivyo hivyo bila kupamba. Kama siwezi kusema ukweli kwenye blogu ambayo wasomaji wake nawajua karibu wote kwa majina, basi sijui nitausemea wapi.

Kwa mgeni aliyepotea njia akafika hapa: mimi ni mpiga gitaa. Nimepiga gitaa tangu ujana na vidole vyangu havijui kazi nyingine. Mpiga kinanda wa kwaya yetu, ambaye ni mtumishi wa serikali, alipohamishiwa Dodoma, Mwalimu Sifaeli anayetufundisha kwaya akanigeukia mimi. Nikajaribu kinanda, nilijaribu kweli jamani. Mkono wa kulia unakwenda vizuri, wa kushoto unaufuata wa kulia kama kondoo. Ukiuambia ufanye la kwake, unagoma. Wale wa sauti ya nne walikuwa wananicheka waziwazi, na nisingewalaumu.

Ndipo rafiki yangu anayeuza vyombo vya muziki vya mitumba Kariakoo akaniletea hiki kidude. Kina umbo la gitaa, unakivaa begani kwa mkanda, ila shingo yake ina vitufe pale ambapo pangekuwa na nyuzi. Chenyewe hakina sauti. Ukikipiga bila waya unasikia ka-ka-ka tu, kama karani anayechapa barua. Kazi yake ni kutuma amri: noti hii, kwa nguvu hii, anza, acha. Amri zinapita kwenye waya hadi kwenye simu yangu, na ndani ya simu kuna programu yenye sauti za kinanda, filimbi, violini, chochote utakacho. Kutoka kwenye simu, waya mwingine unakwenda kwenye spika. Watu wanaona gitaa, wanasikia kinanda cha kanisani. Wanakwaya wanakiita gitaa bubu.

Nakipenda mno. Siku ya kwanza nilipopiga wimbo mzima wa ibada, sauti zote nne zimetulia, machozi yalinilenga nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Lakini kina tabia mbili mbaya. Ya kwanza, hakisamehi. Kwenye gitaa la kawaida ukigusa uzi kwa bahati mbaya hakuna anayejua. Hiki, kidole kikitetemeka tu juu ya kitufe, kanisa zima linasikia. Ya pili, kinanda kinakaa ndani ya simu, na simu ni simu. Mtu akipiga, muziki unakatika palepale na mlio wa simu unatoka kwenye spika. Kwa hiyo Mwalimu Sifaeli ana sheria moja ambayo haina mjadala: kabla ya ibada nazima laini, simu inabaki na muziki peke yake.

Sasa nije kwa Aneth.

Aneth ni binti yangu, yuko darasa la tatu, na ana seli mundu. Wenye mtoto wa namna hiyo hawahitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba maumivu yanakuja bila hodi. Asubuhi anaruka kamba na wenzake, mchana mifupa inamuuma hadi hawezi kushikwa. Ukichelewa kumfikisha hospitali… hiyo sentensi siimalizii. Safari iliyopita maumivu yalimshika kifuani, akawekewa oksijeni na kuongezewa damu. Tangu wakati huo nikilala silali.

Mama Aneth yuko Mbeya anamuuguza mama yake. Nyumbani yupo mdogo wangu Debora, binti mwema, mchapakazi, ila hajawahi kuona yale maumivu yakianza. Simu yake imekufa, nikamwachia kitochi changu, ile simu ndogo ya batani. Nikamwambia kwamba Aneth akisema anaumwa, hata akisema ni kidogo, hata akisema yamepita, anipigie, asisubiri. Akaitika sawa kaka. Nikarudia. Sawa kaka. Nilipokuwa mlangoni nikarudia tena, hapo akaniitikia kwa kichwa tu, kachoka.

Maana leo kwaya ilialikwa sikukuu ya mavuno huko Kurui, ndani kabisa ya Kisarawe. Mwalimu alishasema bila kinanda hatuendi, na kinanda ni mimi.

Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilikuwa naangalia mtandao kwenye simu, unapanda, unashuka. Namba ya Mwalimu nilikuwa nimempa Debora kama akiba, lakini tulipoiacha Kisarawe mjini laini ya Mwalimu ilipotea, na za wengine zikafuata. Yangu ikabaki, kwa shida. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliogopa zaidi, maana sasa njia ya kunifikia ilikuwa moja tu, na ndiyo hiyo niliyotakiwa kuizima.

Kanisa la Kurui ni dogo, lina bati jipya, na leo madhabahu yake ilikuwa haionekani kwa mazao. Mihogo, mananasi, magunia ya korosho, kuku waliofungwa miguu wamelazwa sakafuni. Jogoo mmoja alikuwa akiwika kila mchungaji anapotaka kuanza kusali. Tulipokuwa tunafunga waya, Mwalimu Sifaeli akaniuliza kama nimeshazima laini. Nikamwambia nimeshazima.

Sikuzima.

Nilimdanganya mtu ninayemheshimu, ndani ya kanisa, mbele ya mananasi ya watu. Nilijiambia ibada itaisha salama na hatajua. Nimekuwa mtu wa namna hiyo siku hizi, hofu inaniambia fanya hivi nami nafanya.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri. Mzee mmoja aliinuka kabisa kwenye benchi akachungulia nyuma yangu kutafuta kinanda kilipofichwa. Siku nyingine ningetamba wiki nzima. Leo, kila nilipopata nafasi kati ya beti, jicho lilikuwa kwenye kioo cha simu. Vidole vililoa, noti moja ikanitoka pasipo pake, Mwalimu akanitazama, nikajifanya naangalia waya.

Kisha watu wakaanza kupita mbele na sadaka za mavuno, sisi tunaimba, kinanda kimejaa ndani ya bati lile hadi raha.

Simu ikaita.

Mlio wangu ni wa bata. Aneth mwenyewe aliniwekea. Muziki ulikatika, na bata akalia kwenye spika kwa sauti ambayo bata yeyote hajawahi kujaliwa. Nusu ya kanisa waliangalia madhabahuni kwenye kuku, kuona nani kaleta bata. Wengine wakaanza kucheka. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: Nyumbani.

Hapa ndipo ninapotaka kuandika polepole.

Mkono wangu haukwenda. Simu ilikuwa kwenye stendi, karibu kiasi kwamba ningeweza kuipuliza ikaanguka. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimesema uongo ili simu hiyo hiyo initafute na kunipata. Ikanipata, nikabaki naitazama. Kichwani lilikuwemo wazo moja, nalikumbuka neno kwa neno: kabla sijapokea, Aneth ni mzima. Nikipokea ndipo lolote linaweza kuwa limetokea. Basi nikaiacha iite.

Mwalimu Sifaeli akanijia. Nilidhani anakuja kunifokea. Alipofika karibu akaniona uso, akaona jina kwenye kioo, akanyoosha mkono akapokea yeye, akajitaja.

Sauti ya Aneth ikajaa kanisa zima.

"Shikamoo Mwalimu. Naomba umwambie baba asiache kupiga, nataka kusikia."

Mabibi wa benchi la mbele wakaitikia marahaba kwa pamoja, kama waliosalimiwa wao. Kanisa likaangua kicheko, mchungaji naye. Kumbe Debora alimwambia saa hizi watakuwa wanaimba, naye akaomba kitochi ili asikilize. Hakujua kwamba kwa kupiga tu alikuwa amenyamazisha kile alichotaka kusikia. Mwalimu akamwambia asikate. Akainua simu juu, akahesabu kwa mkono mwingine, na watu wa Kurui wakaumaliza wimbo bila kinanda, kwa makofi na vigelegele, wakimwimbia mtoto aliyekaa Tangini na kitochi sikioni.

Sikuimba. Nilishika shingo ya kile kidude kwa mikono miwili.

Baada ya ibada kila mtu alinipongeza. Mama mmoja alinipa nanasi la mtoto, akaniambia nisimnyime. Tulipokuwa tunapakia vyombo Mwalimu Sifaeli akanisogelea. Nilishajiandaa kwa maneno makali, na nilistahili. Akasema taratibu, "Ungeniambia tu. Ningekaa karibu na hiyo simu mimi."

Njia nzima walikuwa wanaigiza bata. Tulipofika Maili Moja hadithi ilishakuwa tamu kuliko tukio lenyewe, jogoo kaingizwa humo, mchungaji kaingizwa humo, na mimi nimewekwa kama baba mwenye bahati aliyepigiwa na mwanawe. Nilicheka nao. Hakuna aliyeona nilichokiona, labda Mwalimu.

Nyumbani nilimkuta Aneth sebuleni anakunywa maji yake bila kulazimishwa. Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Mama Aneth alipopiga kutoka Mbeya nilimsimulia yote, bata, mabibi, nanasi, akacheka hadi akakohoa. Sehemu ya mkono sikumwambia. Yeye yuko mbali na ananitegemea mimi, nitamwambiaje kwamba zamu ilipofika nilisimama kama nguzo?

Maana leo aliyepiga alikuwa Aneth mwenyewe, mzima, na udadisi wake. Siku nyingine atakuwa Debora, analia, mtoto mikononi, na bata atalia mpaka simu ikatike. Hapo hakutakuwa na Mwalimu pembeni. Nimekuwa nikiogopa mtandao, waya, chaji, barabara ya Kurui. Vyote leo vilifanya kazi yake. Kilichogoma ni mimi.

Sijui dawa ya hofu. Ninachokijua ni muziki, na kwenye muziki mkono unaogoma haubembelezwi wala haupigiwi hotuba. Unarudishwa palepale ulipogomea, tena, na tena, hadi uchoke kubisha.

Basi jioni hii nimempa Debora kitochi, nimemwambia akae chumbani na anipigie bila kunitaarifu, wakati wowote, mimi nikiwa hapa naandika. Mara ya kwanza nilipokea simu ikiwa karibu kukatika. Iliyofuata nilipokea mapema kidogo, ila sikuweza kusema haloo. Aneth anachekea huko ndani, anadhani tunacheza. Sasa hivi Debora amekuja mlangoni, akauliza, "Kaka, kwani una nini?"

Nimemwambia arudi ndani, apige tena.