Kopo la Dawa Nililorithi

Mama,

Shikamoo. Nilizoea marahaba yako kabla sijamaliza neno, sasa nasalimia, kimya ndicho kinachonijibu. Niko kwenye benchi nje ya wodi ya watoto, naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la kliniki la Aikande, mjukuu wako. Amelazwa tangu juzi. Homa inapanda, inashuka, inapanda. Mama, naogopa.

Ng'ombe wako amezaa jike. Nilitaka barua yangu ya kwanza iwe ya habari hiyo.

Tulipomaliza msiba tukagawana vitu vyako, dada zangu walikimbilia vitenge na masufuria. Mimi niliomba lile kopo la maziwa ulimokuwa ukiweka dawa. "Umerithi duka la dawa," dada Elinami akanicheka. Lakini kwangu kopo lile ndilo lilikuwa wewe. Mjukuu akipata nafuu, ulikuwa unafunga dawa yake ikiwa nusu, unaitumbukiza humo. "Homa ikishuka usimchoshe mtoto. Kesho ataugua mwingine." Na kweli mwingine aliugua, ukampa, akarudi kukimbiza kuku uani. Nani angekubishia? Hata mimi, na ubishi wangu wote, sikuthubutu.

Aikande alipoanza kulia kila akikojoa, sikumpeleka popote. Nilifungua kopo, nikatoa vile vidonge vya rangi mbili alivyobakiza kaka yake, nikamwaga unga nusu kwenye uji kama ulivyokuwa ukifanya. Siku ya pili akacheka, nikaacha. Homa ikarudi. Nikampa dawa nyingine ya humo humo, nikaacha tena. Ikarudi na hasira.

Hapa hospitali dawa waliyoanza nayo haijafua dafu. Wamepeleka mkojo maabara waoteshe vijidudu waliomo, wajue dawa gani inawaua. Majibu bado. Daktari alinieleza kwa upole kwamba dawa ikitumika nusunusu, vijidudu wanaosalia ni wale sugu, na siku nyingine dawa hiyo haiwatishi. Kisha akauliza, "Mama Aikande, kuna dawa yoyote ametumia nyumbani?"

Nikasema hakuna.

Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale. Ningetaja kopo, angejua limetoka wapi, na marehemu hasemwi vibaya. Nikakulinda wewe, nikamwacha daktari ambahatishie mwanangu dawa. Na nimekukasirikia, Mama, sikufichi. Halafu naona aibu, maana wewe ulikuwa huko juu mlimani, kliniki mbali, na mvua ikinyesha njia haipitiki. Mimi nakaa Sakina, huku mjini, zahanati naiona nikiwa mlangoni kwangu. Kisingizio sina.

Daktari ameanza kupita vitandani. Naenda kumwambia dawa zote nilizompa, majina ninayoyakumbuka na rangi za zile nisizozijua. Mama mkwe na asikie. Nikiulizwa nani alinifundisha, nitasema ni wewe, na nitasema hakuna aliyempenda mtoto huyu kukuzidi.

Nakuahidi, dawa atakayoandikiwa ataimaliza mpaka siku ya mwisho, hata kama atakuwa ameshaanza kunisumbua kwa michezo. Mungu ajalie anisumbue.

Pumzika, Mama. Unisamehe kwa ninachokwenda kusema.

Mwanao,
Anaeli