Tundu la Kushoto

Kaka yangu mpendwa,

Matanga yako yameahirishwa. Nimeona nianze na hilo, maana ukiwa unaisoma barua hii utacheka, na kicheko chako nimekikosa. Naituma kwenye anwani ile ile ya mgodini ambayo haijanijibu tangu mvua za mwaka jana. Ubishi ninao, unanijua.

Chanzo ni kamera yako. Siku tuliyoinunua Mbeya ulikuwa umerudi kutoka ng'ambo ya mpaka na homa ya kupiga picha, si kwa biashara, kwa mapenzi tu. Mwenye duka alitoa mbili. Moja ya sanduku, nyeusi, isiyo na mbwembwe. Nyingine ya kukunja, ambayo ukiifungua mfuko wake wa ngozi hutoka mbele kama mivukuto ya mhunzi. Nilikushauri uchukue ya sanduku. Wewe ukasema anayevuka Tunduma kwa miguu anataka kitu cha kuingia mfukoni mwa koti. Ila ile ya kukunja ilikuwa imekaa dirishani juani muda mrefu, ngozi imekauka, nikakuomba uifungue nyuma, uiinue kwenye mwanga na uchungulie ndani, kama tufanyavyo wanawake tunaponunua kibuyu.

"Mdogo wangu, kamera si kibuyu," ulisema, na mwenye duka naye akacheka.

Ulitupiga picha sote msimu ule, wakati wa kupura ulezi. Ziliporudi kutoka kusafishwa, kila moja ilikuwa na doa jeupe upande wa kushoto. Bibi alikuwa amesimama hapo, uso wake haukuonekana. Akafa kabla ulezi haujaisha ghalani. Aliyefuata kusimama kushoto ni shangazi, naye hakuuona mwaka mpya. Tangu hapo watu wakiona unaitoa mfukoni walikumbuka ghafla kwamba wana kazi shambani. Mama alikuomba uitupe. Nakumbuka ulivyomshika bega, ukamwambia kwa upole kwamba bibi alikuwa mzee na shangazi alikuwa mgonjwa.

Asubuhi ya safari yako ulinipa mimi kamera. "Nipige na mke wangu, mama atulie," ulisema. Rahel ukamweka katikati, wewe ukasimama upande wa kulia kwangu niliyeshika kamera, kushoto pakabaki patupu. Picha ilirudi ukiwa umeshaondoka. Rahel ameonekana mpaka vifungo vya gauni. Wewe una koti, mikono na viatu, na juu ya kola kuna weupe tu. Mama aliigeuza juu chini mezani, akatoka nje.

Halafu barua zako zikakatika. Miezi ilivyozidi, baba mkubwa alianza kusema kwamba picha ilishatuambia, tunachongoja ni nini. Akataka tukae matanga, kisha mwanawe amrithi Rahel. Rahel alikuwa anapiga pasi shati lako la Jumapili, akaendelea kulipiga pasi hata lilipokwisha kunyooka. Nilikasirika, kaka. Nilikasirika hata nikaogopa mikono yangu.

Basi siku ukoo ulipokusanyika niliileta kamera uani, nikaifungua nyuma, nikaiinua juani. Kwenye mkunjo wa ngozi palikuwa na tundu, dogo, linawaka. Niliwapa wachungulie mmoja mmoja. Nikawaambia mwanga unaingilia hapa na kula picha, hakuna kifo ndani. Baba mkubwa alitazama muda mrefu kuliko wote.

"Haya," akasema. "Tusubiri mpaka mavuno."

Rahel alinishika mkono hadi wageni wakaondoka. Mama alikula siku ile. Tundu nimeliziba kwa kiraka cha baiskeli, na kila anayepita hapa anasimuliwa habari ya kibuyu.

Lakini wewe nikufiche nini. Tundu lile doa lake huangukia kushoto, kila picha, hata zile ulizopiga miti mitupu. Nimezipanga zote kitandani, nimezitazama tena na tena. Yako peke yake doa liko kulia, na kushoto ulipopaacha patupu pamekuwa safi kabisa. Hakuna aliyeliona hilo. Rahel ameiweka picha ile ndani ya Biblia yake, nami kila akiifungua natafuta la kumwitia jikoni.

Ulezi umeanza kubadilika rangi. Niandikie, kaka, hata neno moja.

Ni mimi mdogo wako, niliyekushikia kamera.