Taa Niliyoifunika kwa Nepi

Jumamosi, kijijini Zuzu. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia hadi kwenye uji wa mtoto.

Shajara, leo nina aibu ambayo sijui niiweke wapi.

Sisi wakulima wa zabibu kikundini kwetu tuna vile visanduku vya redio. Havina waya wala bando. Ukitaka zamu ya maji unabonyeza, ujumbe unaruka kwenye kisanduku cha jirani, nacho kinakipasia kingine, hadi kwa Kaka Yohana anayefungulia tangi. Tena vinachungana. Kila kimoja kinasikiliza kama mwenzake kapitisha alichopewa. Kikiona ujumbe unapotelea mahali, kinawasha taa nyekundu, na mwenye nyumba anatakiwa awaambie wenzake hapo hapo.

Changu kipo dirishani, chumbani. Wiki hii kikaanza kuwaka, waka-zima, waka-zima, mchana kutwa. Mwanangu anaota meno, halali. Nikachukua nepi, nikakifunika.

Nepi tu. Nikasema nitawaambia baadaye.

Leo kwenye kikao Bi Mwajuma, mzee wetu, kalalamika zabibu zake zinanyauka, anaomba maji hayaji. Wakamcheka. "Bibi, una hakika hubonyezi rimoti ya tivii?" Akainamisha kichwa. "Labda kweli nimezeeka."

Kikao kikiendelea, fundi wa visanduku akazunguka mashamba, akarudi na kisanduku kigeni alichokikuta kimefichwa kwenye ua wa minyaa. Aliyekitega hajulikani. Kilikuwa kinavidanganya vyetu kwamba chenyewe ndicho kilicho karibu na tangi. Vya upande wa bibi vikawa vinakipa kila ujumbe, nacho kinameza.

"Ajabu," fundi akasema, "lazima kuna taa iliwaka mahali."

Nikajifanya namnyonyesha mtoto.

Kikao kilipoisha nikamfuata Bi Mwajuma shambani kwake. Hata shikamoo ilinitoka kwa shida. Nikamweleza yote, mpaka nepi. Alikuwa ameshika kichala kilichosinyaa. Akakigeuza mkononi, kisha akaniuliza:

"Lakini mtoto alilala?"

Bora angenitukana.

Anasema vichala vya msimu huu ndiyo basi, ila mizizi bado ina uhai. Maji yameanza kumfikia jioni hii.

Kisanduku nimekihamishia sebuleni, wazi kabisa. Lakini yeye alichekwa mbele ya watu, na mimi nimekiri pembeni, tukiwa wawili. Hiyo haitoshi. Kukicha nampitia, tunaongozana kwa wenzetu, nami nasema kwa sauti.

Mungu anipe tu miguu ya kusimamia.