Ukurasa Wenye Ulikuwa Unauruka

Papa,

Matanga yako imekwisha. Watu wa Lokandu wamerudi kwao na viti vya kuazima tumevirudisha. Klasi yako ya Kiingereza wamenipa miye. Kitabu ni kile kile cha wakati wa vita, jalada ulilishona na uzi mweusi.

Unakumbuka ukurasa wa jamaa? Papa ni nani, mama ni nani, wako wapi. Wakati wa vita ulikuwa unauruka, tunaenda moja kwa moja kwa wanyama. Mutoto wako nilikaa benchi ya mbele, na sababu niliijua: Mama tulimzika kando ya njia ya Kibombo, tukikimbia. Ulikuwa na sheria moja. Swali lenye mwalimu anamuuliza mutoto, mwalimu anajibu wa kwanza. "Kama miye nashindwa, na yeye asiulizwe." Tulimaliza mwaka tunajua tembo na kiboko kwa Kiingereza, na hakuna hata mumoja aliyejua kusema mama. Walimu wenzako walikucheka.

Sasa enspekta wa masomo anasema kesho atakaa nyuma ya klasi, na somo njo ule ukurasa. Kila mutoto atasimama ajibu. Nilimweleza, Papa, nilimwomba. Akasema vita viliisha, programu ni programu.

Kuna Zaina. Alifika kutoka Lubutu na shangazi yake, wazazi walikufa kule. Leo alinishika kikwembe: "Madamu, kesho unitume maji." Na enspekta amekataza mutoto yeyote kutoka. Nilimuambia aende kula. Mwalimu gani miye.

Kumficha siwezi. Imebaki sheria yako tu, kujibu wa kwanza, na hapo njo nakwama. Tangu tukuzike, abiria wa mashua wenye walikujua na hawajasikia wakiniuliza Papa iko wapi, nasema umetoka kidogo. Asubuhi nilijaribu kulisema jibu la kweli kwa Kiingereza, peke yangu jikoni. Sauti ilikatikia njiani, nikalia mbele ya sufuria, na chai ikamwagika yote. Naogopa hata kukutaja, Papa.

Nikiuruka ule ukurasa, wanaweza kuninyang'anya klasi. Basi, waninyang'anye.

Lala salama, Papa, umusalimie Mama. Nakuahidi kesho nitasimama mbele ya watoto na nitajaribu kusema kwamba umekufa. Nikishindwa, tutasoma tembo.

Mutoto wako